Sugra Bi Anashuka Kutoka Paa la Msikiti

Tarehe 31 Machi, Sugra Bi Tadvi atastaafu baada ya kuitumikia karakana ya Msikiti na Kaburi la Mahtab Begum, hapa Burhanpur, kwa miaka thelathini na minne. Kamati ya hafla ilinipa nusu ukurasa wa karatasi hii nimuage. Nusu ukurasa kwa miaka thelathini na minne! Hakuna hesabu inayokubali mgawanyo huo. Kwa hiyo nimechukua na nafasi ya tangazo la ukumbi, pamoja na ile iliyotengwa kwa picha ya mgeni rasmi. Asiyeridhika aje ghalani tuzungumze.

Wengi wenu mlimjua Sugra Bi kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Aliingia hapa kama kibarua wa kuteka maji ya kuzimia chokaa, akiwa bado bi harusi wa juzi, mumewe akikohoa vumbi la pamba la mitambo ya kufumia. Hakuomba kufundishwa. Siku moja mpigiliaji mmoja wa paa hakuja, naye akaweka ndoo chini, akaketi mwisho wa mstari, akaanza kupiga. Mkuu wa kikosi wa wakati ule akamuuliza nani kamwita. Akajibu, "Nafasi imeniita. Au nayo inahitaji ruhusa yako, mama?" Miaka michache baadaye mkuu wa kikosi alikuwa yeye.

Kwa wageni watakaosoma karatasi hii: mapaa yetu hayakuezekwa, yamepigiliwa. Zege la chokaa na matofali yaliyopondwa humwagwa nene kama shibiri. Kisha wanawake huchuchumaa mstari mmoja, kila mmoja na kipande chake mkononi, yaani rungu fupi la ubao lenye uso bapa. Hulipiga zege lile kwa pamoja, wakirudi nyuma kidogo kidogo, huku likinyunyiziwa maji ya sukari guru na uwatu. Hupiga asubuhi, hupiga jioni, kesho tena na keshokutwa, mpaka kipande kikianguka kinaruka chenyewe bila kuacha alama. Hapo paa limeiva. Na kinachoiunganisha mikono ya wanawake wote hao ni wimbo. Kwetu zimekuwa nyimbo za harusi tangu enzi za Begum mwenyewe, au ndivyo anavyodai Sugra Bi, ambaye hudai mengi.

Kuhusu sukari guru, nina machungu yangu. Kila mwaka naandika maombi, na kila mwaka kuna bwana kule ofisi ya kanda anayekata kiasi kwa kalamu nyekundu, akiamini kwamba tunainywea chai. Mwaka mmoja alitumwa mkaguzi. Akamkuta Sugra Bi kwenye ngazi ya kaburi, akamuuliza kwa dhihaka, "Mama, wafu wenu wanakula sukari guru?"

"Wafu hawali, bwana mkubwa. Paa ndilo linakula. Panda ulilambe kama huamini."

Tulicheka tukidhani yameishia hapo, lakini mkaguzi alipanda. Alichovya kidole kwenye zege bichi, akaonja, akakunja uso kama aliyemeza dawa ya minyoo, akashuka na kutia sahihi. Mwaka uliofuata kiasi kikakatwa tena, na aliyeitwa mkono wa birika mbele ya kikosi kizima hakuwa bwana wa kalamu nyekundu. Nilikuwa mimi.

Sasa nije kwenye msimu ambao bila huo tusingekuwa na wa kumuaga leo. Uliangukia katikati kabisa ya utumishi wake: miaka kumi na saba kabla yake, kumi na saba baada.

Waliotutangulia walikuwa wamelifunika paa la msikiti kwa sementi, wakidhani wanalisaidia. Sementi ni ngumu, haipumui wala haisameheani na jua letu la Mei. Ilipasuka. Maji yakapita kwenye nyufa, yakakwama ndani ya kuba, yakawa yanadondokea watu wakiwa kwenye sala. Ndani ya msikiti kulikuwa na ndoo kati ya safu na safu, na kila mwenyeji alijua pa kusimama pakavu. Aliyechelewa alisali chini ya tone. Nimemwona mfanyabiashara mmoja wa ndizi, mtu mzito, akikimbia mbio kutoka sokoni siku ya mvua, na si kwa sababu ya uchamungu.

Mkuu wa kanda aliona dawa ni moja: sementi nyingine juu ya ile, na kikosi cha wapigiliaji kivunjwe, kwa kuwa kinakula mishahara bila faida. Mhandisi wetu, Bi Kanchan Deshmukh, aliomba msimu mmoja tu. Sementi ingeng'olewa, ukumbi mdogo wa mbele ungepigiliwa kwanza kwa majaribio. Usipovuja, paa lote lingerudi kwa chokaa na kikosi kingebaki. Ukivuja, wanawake wangerudi nyumbani na malori ya sementi yangeingia. Mkuu wa kanda akakubali kwa sauti ya mtu anayengoja kuthibitishiwa.

Wakati huohuo tulikuwa tumepata imamu mpya, Maulana Obaid. Kijana, mpole, msomi, na mwenye haya mbele ya wanawake waliomzidi umri. Asubuhi ya kwanza ya kazi alisimama chini ya jukwaa la kupandia paani, akainua uso nusu.

"Dada yangu Sugra, kazi yenu ina baraka. Ila hizo nyimbo... za bi harusi na mawifi... juu ya nyumba ya Mwenyezi Mungu, kweli?"

Waliotarajia vita hawakuiona. Sugra Bi ni mtu wa sala, na ombi lilikuja kwa adabu. Akafunga shungi, akawageukia wenzake, akasema, "Mmesikia. Leo tunapiga kimya."

Walipiga kimya. Nani angefikiri adabu ingeweza kuharibu paa? Bila wimbo kila mkono ukafuata mawazo ya mwenyewe. Mwenye hasira na mkwewe alipiga haraka, mwenye usingizi alipiga polepole, na wawili walionong'ona juu ya mahari ya jirani hawakupiga kabisa. Huku zege likakauka mapema, kule likabaki tepetepe. Kwa macho lilipendeza. Yakaja manyunyu ya Mei, ya kujaribu tu, na maji yakashuka moja kwa moja kwenye shingo ya Maulana akiwa anavua viatu.

Sugra Bi mpaka leo anasema kosa lilikuwa la ghala, kwamba sukari guru ilipungua. Naweka wazi hapa, mbele ya wafanyakazi wote na kwa herufi zilizochapwa: sukari guru ilikuwa kamili, niliipima mwenyewe, na mizani yangu haijawahi kuwa na jirani wala mjomba. Niliingia kazi hii kwa kubeba mchanga kichwani. Ghala sikurithi.

Mkuu wa kanda alikuja na gari lake, akatazama doa ukutani, akatuambia mvua kubwa ziko karibu. Tung'oe, turudie, na tone moja likipita, basi. Hakumtazama Sugra Bi aliposema hivyo. Nadhani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye hajawahi kusimama kwenye paa.

Jioni hiyo kikosi kilikaa kwenye baraza ya kaburi la Begum, chai ikipoa. Jamuna Bai, mdogo kuliko wote kikosini wakati ule, aliuliza, "Sasa Apa, dada yetu mkubwa, tukifukuzwa mimi nitafanya nini? Mikono hii inajua jambo moja tu." Sugra Bi akaendelea kuzungusha kopo lake.

Ng'ambo ya barabara kuna chuo cha watoto. Saa ile walikuwa wanaimbishwa majedwali ya kuzidisha, wote kwa pamoja, kwa ile sauti ya kubembea tuliyoimbishwa sisi sote: saba moja saba, saba mbili kumi na nne, saba tatu ishirini na moja. Jamuna Bai hakuwa akisikiliza. Vidole vyake tu vilikuwa vikigonga kopo la chai. Saba nne, ko. Saba tano, ko. Sugra Bi akamtazama mkono, kisha akatazama ng'ambo, kisha akasimama na kumwaga chai yake yote kwenye sketi ya mwenzake.

Alimkuta Maulana mlangoni mwa msikiti.

"Maulana, hesabu ni haramu?"

"Astaghfirullahi, dada! Bila hesabu mirathi utaigawaje? Hesabu ni elimu."

"Na elimu kuitamka kwa sauti juu ya msikiti?"

"Ni... ni jambo jema."

"Umesema mwenyewe. Hawa hapa mashahidi."

Kesho yake, ndugu zangu, wanawake wa Burhanpur walipanda paani na jedwali la kuzidisha. Wengi wao hawakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Sugra Bi mwenyewe alijua mpaka tano, na baada ya hapo alibahatisha kwa kujiamini. Ilibidi nisimame kwenye ngazi niwasomee mstari, nao wauitikie kwa vipande. Jedwali la kumi na saba lilifaa mwanzoni, zege likiwa bichi, kwa sababu ni refu na linataka pumzi: kumi na saba moja, PA, kumi na saba, kumi na saba mbili, PA, thelathini na nne. Jedwali la mbili waliliweka kwa siku za mwisho, lile pigo jepesi la haraka la kung'arisha. La saba lilikuwa la kazi ya katikati, na ndilo lililotuletea fitina.

Siku ya tatu nilikuwa nimeshuka kupokea chokaa. Huku nyuma walifika saba nane, na Sugra Bi akaongoza kwa sauti inayofika mtoni Tapti: "Saba nane, hamsini na nne!" Kikosi kizima kikaitikia, vipande vikaanguka pamoja, hamsini na nne. Wakairudia. Wakairudia tena. Chini kwenye birika Maulana alikuwa anatawadha. Alivumilia mara ya kwanza, akavumilia ya pili, maji yakimchuruzika viwiko. Ya nne ikamshinda.

"Sita!" alipaza sauti kuelekea mbinguni. "Hamsini na SITA, akina mama! Sita!"

Vipande vikasimama hewani. Kisha sauti ya Sugra Bi ikashuka taratibu: "Maulana, watu wanatawadha kimya."

Mama mzazi wa Maulana, tunayemwita Amma, alikuwa dirishani ng'ambo ya uchochoro. Alicheka mpaka akashika kingo. "Obaid, mwanangu," alisema, "uliwakataza harusi, sasa umekuwa mpiga ngoma wao. Mie nilizipenda zile za mawifi. Hizi hesabu zinanipa njaa." Tangu siku hiyo Maulana hakuweza kujizuia. Akipita chini alirekebisha, na akikawia walikosea makusudi ili wamsikie.

Lakini mkono ulikuwa umerudi kuwa mmoja. Mhandisi Kanchan alipanda kila jioni, akavua viatu, akatembea juu ya zege kwa unyayo. Siku moja alishuka akilihesabu jedwali la saba kwa midomo. Vipande vikaanza kuruka vyenyewe. Alama zikaacha kubaki.

Mvua kubwa ilifika siku ya Ijumaa, khutba ikiendelea, na ilikuja kama inayodai kodi. Maulana hakukatisha khutba, lakini ndoo zilikuwa zimepangwa ukumbini tangu asubuhi kwa mazoea, na watu waliokaa pale walikaa kwa mazoea yaleyale, wakikwepa sehemu ambazo sasa hakuna aliyejua kama ni za kukwepa. Sugra Bi hakuingia sehemu ya wanawake. Alikaa nje, kwenye baraza ya kaburi, mgongo kwenye ukuta wa Begum na uso kwenye msikiti. Jamuna Bai alimwomba aingie asilowe. "Nikiingia nitasikiliza tone badala ya sala," alisema. "Nani atakubali sala ya namna hiyo?"

Sala ilipokwisha watu hawakutoka. Walikuwa wanatazama juu. Maulana ndiye aliyetoka kwanza, kwenye mvua ileile, kanzu ikimganda mwilini, ameshika ndoo moja ya ukumbini. Akavuka uwanja mpaka kwenye baraza. Akaigeuza ndoo juu chini mbele ya miguu ya Sugra Bi.

Hakikutoka kitu.

Sugra Bi aliitazama ndoo, akajifunika uso kwa shungi, na mabega yakamcheza. Kisha akasema kutoka ndani ya shungi, ili asije akadhaniwa mtu laini, "Mwambieni Shaukat wa ghala, hii ndiyo sukari guru ikiwa kamili."

Kikosi hakikuvunjwa. Paa lote la msikiti lilipigiliwa msimu uliofuata, kisha kuba la kaburi, kisha mabaraza, kisha tukaazimwa kwa makaburi mengine matatu ng'ambo ya mto. Mkuu yule wa kanda alihamishwa zamani, na kabla ya kuhama alikuja na mkewe kumwonyesha wapigiliaji kama vile yeye ndiye aliyewavumbua. Tulimpa chai, bila sukari guru. Kwenye ndoo za msikiti tulipanda mirehani, ziko mlangoni hadi sasa. Na pale sokoni hakuna muuza mboga anayethubutu kumjumlishia vibaya mwanamke wa kikosi chetu, maana atajibiwa kwa jedwali, na kwa sauti ya paani.

Nafasi yake inashikwa na Jamuna Bai, yule wa kopo la chai. Agizo la uteuzi wake lilikaa juu ya meza fulani kule kanda kwa muda wa aibu, na nisingependa kueleza nilikwenda huko mara ngapi wala nililalia benchi gani. Limetiwa sahihi wiki iliyopita. Kikosi kina mkuu. Chokaa ya msimu huu imekwisha kuzimwa, inaiva shimoni.

Imebaki zawadi. Kamati imependekeza saa ya ukutani. Kila mstaafu wa karakana hii amepewa saa ya ukutani, utadhani tunawaaga ili wahesabu dakika zilizobaki. Mimi napinga, na sababu yangu ni hii. Mwezi uliopita Jamuna Bai aliponyokwa na neno kwenye chai, na Sugra Bi alimkazia macho lakini maji yalikwisha mwagika. Nikaenda mwenyewe nyumbani kwake, nikajifanya napeleka kadi ya mwaliko. Nyumba aliyojengewa na mwanawe ina paa la sementi. Sementi, ndugu zangu! Limepasuka kutoka pembe hadi pembe. Kwenye chumba chake kuna sufuria nne zimepangwa, na kitanda kina magurudumu ya mkokoteni wa matunda ili kisukumwe kwa wepesi. Miaka yote hii, usiku wa mvua tulipolala sisi, na Begum akalala, na msikiti ukalala mkavu, Sugra Bi alikuwa anasukuma kitanda. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Alinijibu kwamba anayepigilia paa la Begum hawezi kwenda kuombaomba paa lake, na kwamba nipunguze udaku.

Basi hili ni tangazo, na ndiyo maana nilihitaji nafasi ya picha ya mgeni rasmi. Jumapili ya pili ya Aprili, baada ya sala ya alfajiri kabla jua halijakomaa, tukutane nyumbani kwa Sugra Bi, mtaa wa nyuma ya kiwanda cha zamani cha kusokotea nyuzi. Kila mtu aje na kipande chake, na asiye nacho aje na mikono. Chokaa tumeichanga wenyewe, hakuna hata konzi ya serikali, nakaribisha mkaguzi yeyote alambe. Mhandisi Kanchan amesitisha safari yake. Maulana Obaid atakuja, na amesema atakaa chini ya ngazi endapo patatokea makosa ya hesabu. Namwarifu hapa kwamba hayatatokea. Nyumba ya Sugra Bi si msikiti, kwa hiyo tutapiga kwa nyimbo za harusi, zote, pamoja na zile za mawifi, na Amma amekwisha kuomba kiti cha mbele.

Asante, Sugra Bi, kwa vichwa vyote vikavu vya mji huu, na kwa masikio yetu pia, ambayo yatapumzika kidogo. Mungu akupe umri mrefu na magoti yasiyouma. Mvua ya Juni ikija, tunataka ikukute umelala.

Shaukat Momin
Mtunza ghala